Mpaka Iwe Hivi

Montréal, 14 Septemba 1976

Shangazi yangu mpenzi,

Habari za Anse-Thomassin, na lile goti lako linaendeleaje? Sisi huku hatujambo. Mariette anakusalimu sana, amerudi kazini maktaba. Odile ameanza masomo ya uuguzi na sasa anatupima mapigo ya moyo mezani, tukiwa tumeshika uma. Jana aliniambia nitaishi. Nikamshukuru.

Donat aliniandikia kwamba mvua imeozesha viazi vyenu. Unamjua mdogo wangu: maneno matatu na sahihi. Kwa hiyo habari za nyumbani nazitegemea kwako.

Kipindi kimerudi hewani, Alhamisi saa kumi jioni kama zamani. Bwana Chartrand, mkuu wetu wa vipindi, amenijengea jiko jipya la rangi ya chungwa ambalo ukiliangalia sana unaumwa kichwa. Anasema watu siku hizi wanataka rangi. Mimi bado ni yuleyule na sufuria yangu moja, na vitu vya duka la pembeni ambavyo kila mtu anavipata. Mwaka wa sita huu. Sikuwahi kufikiri watu wangevumilia supu kwa muda wote huo.

Ila katika kipindi cha kwanza nilionyesha jambo moja lililoleta gunia zima la barua. Sikuambii ni jambo gani. Wewe uliyenilea tangu nikiwa na miaka minne lazima uliliona kabla ya mtu mwingine yeyote. Niambie umelionaje.

Halafu, barua yako ya Agosti niliisoma kwa taabu. Mistari imepandana, mmoja juu ya mwingine, hata habari za kuku zimechanganyika na za msiba wa padri. Nadhani kalamu yako imechoka. Nakutumia nyingine yenye wino mzito.

Mwanao,
Rosaire


Anse-Thomassin, 3 Oktoba 1976

Rosaire mwanangu,

Kalamu imefika, asante. Ile ya zamani haikuwa na kosa lolote.

Goti linauma likitaka na linanyamaza likitaka. Kuku wanataga. Donat alileta kuni, akaziacha uani, akaondoka. Alcide wa nyumba ya pili ndiye aliyezipasua. Mke wake Hectorine bado anasikiliza simu za watu, kwa hiyo usinipigie. Laini ni moja kwa nyumba zote za huku, na mara ya mwisho ulipopiga alinikatiza kukuuliza kama jiko lako la kwenye runinga ni la umeme. Tuandikiane.

Umeuliza nimelionaje. Vizuri tu. Umenenepa kidogo, shati lilikupendeza. Sura ni ileile.

Sasa na mimi nina langu. Juzi ulipika supu ya njegere. Ukasema, "Mnaichemsha mpaka iwe hivi." Kisha ukanyamaza. Hivi ni vipi? Vitunguu ukasema vikaangwe "mpaka vifike hapa." Hapa ni wapi, Rosaire? Mimi sikukufundisha kupika namna hiyo. Nilikufundisha kwa mdomo, nikiwa nimekupa mgongo nafua, na ulielewa. Mtu anayekunja nguo chumba cha pili atajuaje kwamba supu yako imeiva? Au unawapikia walio kwenye viti tu?

Usikasirike. Nisipokusema mimi atakusema nani.

Shangazi yako,
Exilda


Montréal, 25 Oktoba 1976

Shangazi mpenzi,

Pole na goti. Huku tumeshaanza kuvaa makoti. Odile amefaulu mtihani wake wa kwanza na Mariette amemnunulia viatu vyeupe.

Umenigomba na umenigomba kwa haki. Barua yako nimetembea nayo mfukoni.

Alhamisi iliyopita nilijaribu. Nilikata kitunguu, nikakitia kwenye mafuta, nikawaambia watu: fumbeni macho. Sikilizeni. Sasa hivi kina kelele kama mvua juu ya bati, hapo bado kina maji. Ngojeni. Sasa kelele imeshuka, inanong'ona, na harufu imeacha kuchoma pua imekuwa tamu. Hapo ndipo mnageuza. Kwa supu nikawaambia: kijiko kikizama bila kugonga njegere, na mvuke ukigusa uso wako ukiwa mzito badala ya mwepesi, imeiva. Mpiga picha alinitazama kama mtu aliyeona padri akicheza karata. Bwana Chartrand alinisubiri mlangoni. "Rosaire, hii ni runinga," akasema. "Watu wana macho." Nikamwambia si wote wako kwenye viti, wengine wanakunja nguo.

Barua nyingi za mwezi huu bado ni za masharubu. Niliyanyoa mwezi wa nane, yale niliyokuwa nayo tangu siku ya harusi yangu, na inaonekana nusu ya Québec imekasirika. Nakutajia tu kwa sababu wewe hukuyasema.

Sikuulizi kitu, Shangazi. Ila Krismasi hii njoo kwetu. Nitakuja kukuchukua mwenyewe.

Rosaire


Anse-Thomassin, 20 Novemba 1976

Rosaire, anayeandika hapa ni mimi, Hectorine. Exilda ana baridi yabisi kwenye vidole. Amenikataza kuongeza neno, na amesema niandike anavyosema. Haya.

Rosaire mwanangu, usishtuke na mwandiko. Ni vidole tu. Masharubu niliona yametoka. Sikutaja kwa sababu hukupendeza, na sikutaka kukuvunja moyo.

Krismasi siji. Nani atalisha kuku? Mariette mpe busu langu, na Odile mwambie mimi sipimwi.

Siku hizi kwenye kipindi unaongea sana. Ni vizuri. Alhamisi Hectorine na Alcide huja kwangu, kwa sababu runinga yao inaonyesha chenga tu, theluji hata wakati wa kiangazi. Hectorine anaongea toka mwanzo hadi mwisho. Hectorine, andika, mbona umesimama. Alcide yeye, unamjua, amepikia wakata miti kambini maisha yake yote na hajawahi kumsifu mpishi mwingine. Siku ile ya kitunguu alitikisa kichwa akasema, "Huyu kijana anajua." Kisha hakusema kitu tena mpaka anaondoka.

Nimepika vitunguu kwa masikio kama ulivyosema. Vimetoka vizuri, havikuungua hata kidogo. Kilichoungua ni mkono tu. Hilo usiandike. Hectorine, nimesema usiandike. Futa.

Sifuti. Ni kovu refu kama kijiko, kwenye kifundo. Anasema alikuwa na haraka. H.

Nilikuwa na haraka. Basi. Sina zaidi.

Shangazi yako, kwa mkono wa mwanamke asiyejua kunyamaza.


Montréal, 12 Desemba 1976

Shangazi mpenzi, na wewe Hectorine, salamu zenu nyote, na kwa Alcide pia. Mwambieni sifa yake nimeiweka moyoni kuliko ile tuzo niliyopewa mwaka juzi.

Odile anauliza mkono ulipakwa nini. Anatuma dawa ndani ya kifurushi hiki, pamoja na glavu nene za jikoni. Zivae, Shangazi. Hata ukiwa na haraka.

Nimepata barua kutoka kwa mtu wa Trois-Rivières aliyepofuka kazini kiwandani. Mkewe ndiye aliyemwandikia. Anasema tangu ajali hakuwahi kushika sufuria, na wiki mbili sasa kila Alhamisi yeye ndiye anayepika na mke anakaa. Anasema mwanzoni alilia kwa aibu, sasa analia kwa vitunguu. Zimekuja na nyingine za namna hiyo. Nimefikiri ungependa kujua. Watu hawa hawajifichi, na hakuna aliyewacheka.

Kazini ni shwari. Bwana Chartrand ananipa ushauri kila siku.

Njoo Krismasi. Kuku Alcide atawalisha.

Rosaire


Montréal, 30 Januari 1977

Shangazi,

Mmeamkaje? Sisi wazima. Sina salamu ndefu leo.

Sijapata barua tangu Novemba. Krismasi nilituma kadi, Mwaka Mpya nikatuma nyingine. Nikakaidi katazo lako nikapiga simu. Ililia mpaka ikachoka, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyeinyanyua kusikiliza. Nikampigia Donat. Akasema, "Yuko hai. Atakuandikia mwenyewe." Nikamuuliza hai vipi. Akakata.

Nimesikia kwamba mmepigwa na dhoruba kubwa mwanzo wa mwezi. Barabara zikifunguka nitapanda treni. Lakini niandikie, hata neno moja. Mpe Hectorine aandike lolote, hata la kwake.

Rosaire


Anse-Thomassin, 22 Februari 1977

Rosaire mwanangu,

Mwandiko ni wa Hectorine. Leo ndiyo mara yake ya kwanza kuingia humu tangu mazishi. Amebisha, akasema, "Una barua ya kujibu," akakaa. Ninayokueleza ananiandikia yeye, kwa hiyo ujue kila neno limepita kwenye mkono wake.

Alcide amefariki. Alifariki jikoni kwangu, tarehe nane Januari.

Sioni, Rosaire. Sasa nimesema. Yalianza miaka miwili iliyopita, katikati ya kila kitu pakawa na moshi, kisha moshi ukaenea. Mwangaza wa dirisha bado naujua. Uso wa mtu siujui. Kipindi chako nilikuwa nakisikiliza tu. Sikumwambia mtu kwa sababu nilijua Donat atafanya nini, na nilijua wewe utafanya nini, na sikutaka hata kimoja. Hectorine alidhani ni vidole kweli. Barua zako nilisomewa na mtu wa posta, nikisingizia miwani.

Siku ya dhoruba nilitoka kuwapelekea kuku maji. Njia naijua kwa miguu. Kwenda nilifika. Kurudi, upepo ulikuwa umeifuta njia, kila mahali chini ya kiatu palikuwa sawa. Nikatembea nikitafuta ukuta. Nikaangukia uzio, nikajua niko shambani, upande usiofaa kabisa. Nikaita. Upepo ule hausikii mtu.

Alcide aliona bomba la jiko langu halitoi moshi. Hectorine anasema alimwambia, "Ngoja dhoruba ipungue." Akamjibu, "Exilda haachi moto ukazimika." Akavaa. Alinipata sijui vipi. Alinishika mkono akanivuta, theluji ikiwa kiunoni, na kila mara nilipoanguka alininyanyua bila neno. Nilimsikia anapumua vibaya. Nikamwambia tupumzike. Akasema, "Tembea."

Tuliingia ndani. Nikamsikia anakaa kwenye kiti cha karibu na dirisha. Mimi nikawasha moto, nikabandika maji. Nikaanza kuongea, unajua mtu akiokoka anavyoongea. Nikamwambia yote, Rosaire. Nikamwambia sioni, tangu lini, na kwamba yeye ni wa kwanza kujua, na nikamwomba asimwambie Hectorine. Alinyamaza. Nikadhani ni unyamavu wake. Nikamwekea chai mbele yake na molasi kama anavyopenda. Nikasema, "Kunywa, inapoa." Nikaendelea kuongea. Nilizungumza naye muda mrefu sana. Mpaka nilipotaka kuchukua kikombe nikakuta kimejaa, nikamgusa mkono. Alikuwa amevua glavu moja.

Mwenye macho angeona mara moja. Labda angepiga simu. Daktari anasema moyo ulisimama ghafla na hakuna ambaye angefanya kitu. Anasema hivyo. Sijui.

Hectorine ameacha kuandika kidogo. Tumengoja. Sasa ameniambia endelea.

Vidole viwili vya mguu viliuawa na baridi, vimekatwa, sivihitaji. Donat anataka niende nyumba ya wazee ya masista kule mjini, kabla ya Pasaka. Sijamjibu.

Na wewe je? Alhamisi saa kumi siku hizi anaongea mwanamke anayepanga maua. Umeumwa?

Shangazi yako


Montréal, 6 Machi 1977

Shangazi, na Hectorine,

Sijui nianze na nani. Hectorine, pole. Alcide alikuwa akinipa biskuti ngumu za kambini nikipita kwenda shule, na hakuwahi kuniambia niseme asante. Nilipaswa kuwa kanisani siku ile. Mariette na Odile wanakupa pole. Odile amelia.

Shangazi, siumwi. Kipindi kimefungwa Januari. Bwana Chartrand alinipa kuchagua: nirudi kuonyesha nilivyokuwa naonyesha, au niwaachie wengine. Alisema nimegeuza runinga kuwa redio, na wenye matangazo wamelalamika kwamba nawaambia watu wafumbe macho wakati bidhaa zao ziko mezani. Sikurudi. Sikukuambia kwa sababu ungejua ni kwa ajili ya nini. Nimepata kazi ya jikoni katika hoteli moja, na redio ya Rimouski imeniomba niwaelezee mapishi Jumamosi asubuhi, hata kwa simu nikiwa huku. Tutaishi.

Lakini hilo si kitu. Kitu ni hiki. Nilijua. Tangu uliposema sura ni ileile, nilijua. Nikakaa nikafikiri, nikasema ana fahari yake, nisimvunjie. Nikaona nimepata njia nzuri: nitaongea naye kupitia runinga, nitamfundisha kupika bila macho, na hatutalazimika kulisema. Watu wakaniandikia kunisifu. Nikasifika. Kumbe kitu kilichotakiwa ni mimi kupanda treni, kubisha mlango wako na kukuuliza, "Unaona?" Ningemwambia Alcide, Donat, Hectorine. Mngefunga kamba toka mlangoni hadi kwa kuku. Kamba tu.

Nilikupikia badala ya kukuuliza.

Nakuja. Simaanishi kukutembelea tu. Nitahamia, hoteli nitaiacha, Rimouski ni karibu zaidi na huko. Mariette amekubali. Usiende kwa masista. Ningoje.

Rosaire


Anse-Thomassin, 2 Aprili 1977

Rosaire mwanangu,

Salamu kwako na kwa Mariette na Odile. Theluji inaanza kuchoka. Kuku wamerudi kutaga. Donat alikuja na gari kunichukua, na nitakueleza alivyoondoka bila mimi.

Kwanza, usihame. Mke wako ana kazi na binti yako ana shule, na mimi sitaki mwanamume mzima jikoni kwangu anieleze mvuke. Njoo Juni ukae wiki mbili, kama watu.

Pili, umesema ulijua ukanyamaza. Na mimi nilijua kwamba unajua. Kitunguu kile hukumpikia mtu wa Trois-Rivières. Nilikaa hapa nikakusikiliza, nikafurahi kwamba tunaelewana bila kusema, nikajiona mwerevu. Tulijiona werevu wote wawili. Sitakuambia usijilaumu. Jilaumu sehemu yako, niachie yangu. Ila nikikuuliza kitu tena, nijibu, na ukiniuliza nitakujibu.

Sasa habari za Donat. Alikuwa ameshika mkoba wangu mlangoni ndipo Hectorine akaingia na sanduku la nguo. Donat akamuuliza anaenda wapi. "Siendi, nimefika," akasema. Donat akasema, "Bibi Hectorine, huyu haoni. Anahitaji mtu." Hectorine akamjibu, "Na mimi sijui kupika. Mume wangu ndiye aliyekuwa anapika. Tangu Januari nakula mkate wa dukani na jamu, na mkate wenyewe unanikwama. Weka mkoba chini, kijana."

Donat akauweka chini.

Yuko chumba cha juu. Ana miguu mizito na anaimba vibaya. Siku ya kwanza nilimkalisha amenye viazi, akamenya maganda manene kama anachonga mtumbwi. Nikamwambia kidogo kidogo. Akaniambia, "Umejuaje?" Nikamwambia nasikia vinavyoanguka kwenye ndoo. Kamba ya kwenda kwa kuku tumeifunga. Ameifunga yeye, na amekagua fundo mara nyingi kuliko inavyohitajika.

Jumamosi tutakusikiliza kwenye redio. Ongea polepole, Hectorine anapika huku anabishana na wewe.

Nimechoka sasa, nalala kidogo.

Shangazi yako, Exilda

Rosaire, hapa ni mimi. Amejilaza, mlango umefungwa. Aliniambia nimalizie kwa kuandika kwamba Hectorine hana kinyongo. Sikuandika, kwa sababu ninacho. Kuna asubuhi namlaumu kabla sijavaa viatu. Na wewe nakulaumu kidogo, uliyejua. Hata Alcide namlaumu, aliyekataa kungoja.

Yale aliyomwambia Alcide jikoni, nimemuuliza anirudie yote, neno kwa neno. Amenirudia. Nilitaka kujua mume wangu alikaa na maneno gani. Yalikuwa maneno mazuri. Alimwambia asante mara nyingi.

Sijui nitakaa mpaka lini. Nilikuja na sanduku nikaliacha chini ya kitanda bila kulifungua. Jana nimelifungua, nguo nimezitundika.

Hectorine